Roland Barthes na Mganda wa Nyasa: Nadharia ya Kifaransa Inatufaa kwa Lipi?

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma Kiswahili, awe Kigonsera, Mbamba Bay au Dar es Salaam, anayajua maswali yatakayomkabili. Ataje dhamira. Aeleze migogoro. Afafanue ujumbe, kisha amalizie na falsafa na msimamo wa mwandishi. Swali hilo la mwisho limebeba imani kubwa: kwamba maana ya kazi ya fasihi imo kichwani mwa aliyeiandika, na kazi ya msomaji ni kuichimbua. Mwaka 1967 Mfaransa Roland Barthes alichapisha insha fupi iliyoitikisa imani hiyo. Alidai kwamba maandishi yakishatoka mkononi mwa mwandishi, mwandishi hana tena mamlaka juu ya maana yake. Msomaji ndiye anayeikusanya.

Leo jina la Barthes limo katika mihadhara ya vyuo vyetu na katika tasnifu nyingi za fasihi, na mara nyingi limebanwa katika sentensi moja: mwandishi amekufa. Wanafunzi huikariri bila kuuliza nani aliisema, alikuwa anapigana na nani, na kama yeye mwenyewe aliishi nayo hadi mwisho. Nataka kuyauliza hayo, na kuipima nadharia yake mahali mahususi: Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Huko fasihi simulizi ingali hai, ukoloni uliacha alama zinazoonekana kwa macho, na kuna ngoma ya mganda, ambayo inamjibu Barthes vizuri kuliko vitabu vingi. Hoja yangu ni kwamba jicho la Barthes linatufaa sana, lakini hatuwezi kulitumia kwa sharti la kumfuta mtu, jina lake na historia yake.

Mjukuu wa gavana

Barthes alizaliwa Cherbourg, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 12 Novemba 1915. Baba yake, Louis, alikuwa ofisa wa majini, akauawa vitani katika Bahari ya Kaskazini mwezi Oktoba 1916, mtoto akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Alilelewa na mama yake, Henriette, mjini Bayonne, kisha Paris tangu 1924. Kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa Louis-Gustave Binger, ofisa wa jeshi aliyepita Afrika Magharibi kati ya 1887 na 1889, akawa gavana wa kwanza wa koloni la Côte d'Ivoire. Mji wa Bingerville hadi leo una jina la babu huyo. Mtu aliyekuja kufundisha dunia namna ya kuzivua picha za dola ya kikoloni vazi lake la uongo alikuwa ametoka nyumba moja na dola hiyo.

Ugonjwa ulimwekea njia yake. Kifua kikuu kilimpata mwaka 1934 na kikamzuia kuingia katika vyuo vilivyowatengeneza wasomi wakubwa wa Ufaransa. Alisoma Sorbonne, lakini miaka mingi ya Vita Kuu ya Pili aliimaliza katika hospitali za wagonjwa wa kifua milimani, akisoma bila kukoma. Baada ya vita alifundisha Bucharest, kisha Alexandria nchini Misri, ambako alikutana na A. J. Greimas, mtaalamu wa isimu aliyemfungulia mlango wa elimu ya ishara. Hakuwahi kupata shahada ya uzamivu. Kitabu chake cha kwanza, Le Degré zéro de l'écriture, kilitoka mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 1962 akawa mkurugenzi wa masomo katika École Pratique des Hautes Études, na mwaka 1977 akatoa mhadhara wake wa ufunguzi Collège de France, taasisi yenye heshima kuliko zote nchini humo. Mtu asiye na uzamivu alifika kileleni kwa maandishi yake peke yake.

Saluti ya mtoto

Kitabu kilichomfikisha kwa wasomaji wa kawaida ni Mythologies, cha mwaka 1957. Humo alichambua mieleka, mvinyo, sabuni za unga, magari na matangazo kwa makini ileile ambayo wengine waliiweka akiba kwa ajili ya tamthiliya za Racine. Mfano wake maarufu kuliko yote ulianzia kwa kinyozi. Mwaka 1955, akiwa kwenye kiti cha kunyolewa, alipewa nakala ya gazeti la Paris-Match. Jaladani kulikuwa na kijana Mweusi aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa, macho yameinuliwa, mkono kwenye paji la uso, akipiga saluti.

Barthes alionyesha kwamba picha hiyo inasomeka kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni kile kinachoonekana: askari Mweusi anapiga saluti. Ngazi ya pili inaichukua hiyo ya kwanza na kuitumikisha: Ufaransa ni dola kubwa, watoto wake wa kila rangi wanaitumikia kwa hiari, na wanaolalamika kuhusu ukoloni wanajibiwa na bidii ya kijana huyu. Tukumbuke wakati wenyewe. Ufaransa ilikuwa imeshindwa Dien Bien Phu mwezi Mei 1954, na vita vya ukombozi vya Algeria vilikuwa vimeanza Novemba mwaka huohuo. Picha haikutoa hoja yoyote. Iliifanya dola ionekane kama jambo la asili, kama mvua au mlima, wakati dola ni kazi ya watu na bunduki. Usomaji huu wa Barthes ndio ninaoutetea kwa nguvu zote. Yeyote anayetazama mabango ya barabarani, kalenda za benki, kanga au picha za wagombea wakati wa uchaguzi anaweza kuutumia kesho asubuhi.

Lakini kuna kitu Barthes alikiruka. Maelezo ya gazeti yalimtaja kijana huyo kwa jina, Diouf, aliyetoka Ouagadougou pamoja na wenzake, watoto waliolelewa katika shule za kijeshi za Afrika Magharibi ya Kifaransa, kuja kufungua tamasha la jeshi mjini Paris. Alikuwa mtoto. Kwa Barthes, historia ya mtoto huyo ilikuwa na kazi moja tu, kuonyesha jinsi dola inavyoimeza historia. Alieleza vizuri mno namna picha inavyomwibia mtu maisha yake, kisha yeye mwenyewe hakuyarudisha. Anayeandika kutoka Nyasa hana ruhusa ya kuishia hapo, na nitaeleza kwa nini.

Mstari mweupe wa mganda

Liuli, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba unaojitokeza majini, wakauona unafanana na sanamu za Misri. Wenyeji wanauita Pomonda. Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, meli ya Waingereza Guendolen ilivuka kutoka ng'ambo ya ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Lilikuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini katika vita hiyo. Miaka iliyofuata iliwachukua wanaume wa Afrika Mashariki maelfu kwa maelfu, wachache wakiwa askari, wengi mno wakiwa wapagazi, na wengi hawakurudi.

Waliorudi walirudi na gwaride. Tangu miaka ya 1890 vijana wa pwani ya Kenya walikuwa wakicheza beni, ngoma iliyochukua bendi, sare na vyeo vya kijeshi na kuvifanya kuwa mashindano ya mitaa. Vita iliisambaza hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, na mganda ni mmoja wa warithi wake. Unachezwa pande zote za Ziwa Nyasa. Upande wa Malawi una ndugu yake aitwaye malipenga.

Mtazame mchezaji kwa karibu. Nguo zake aghalabu ni nyeupe na zimepigwa pasi. Mdomoni ana kibuyu kidogo chenye utando, anapovumisha sauti ndani yake kinatoa mlio wa tarumbeta. Ngoma kubwa inapigwa, mstari mzima unainua mguu mmoja kwa wakati mmoja, magoti yanakunjwa, mwili unainama kidogo na kurudi. Mbele yuko kiongozi anayeamuru mwendo. Kuna vyeo, kuna nidhamu, na anayekosea hatua anaonekana na kila mtu. Kijiji kimoja hualika kikundi cha kijiji kingine, wageni wakalishwa, kisha ngoma ikaamua nani ana mstari ulionyooka. Wanawake nao wana kioda chao, chenye sare na nidhamu yake.

Tuisome ngoma hii kwa ngazi mbili za Barthes. Ya kwanza: wanaume wa Kinyasa wanapiga gwaride. Ya pili, kwa mtu anayesoma haraka: wametekwa na fahari ya mzungu, wanamuiga. Wamisionari na maofisa wengi wa enzi ya ukoloni walizisoma ngoma za jamii ya beni hivyohivyo, wengine wakizicheka, wengine wakiziogopa. Barthes mwenyewe anatupa usomaji wa tatu. Katika sehemu ya mwisho ya Mythologies anapendekeza kwamba silaha bora dhidi ya hadaa ya aina hii huenda ikawa ni kuiteka nayo ikatumikishwa, kama yenyewe ilivyoviteka vitu vingine. Mganda ulifanya hivyo kabla hajaandika. Gwaride lililotumika kumpanga Mwafrika mstarini ili afe kwa ajili ya mfalme asiyemjua lilichukuliwa, likapewa kibuyu cha shambani badala ya tarumbeta ya shaba, likatumika kuunganisha vijiji, kuwazika wafu, kuwachumbia wasichana na kumdhihaki jirani aliyeshindwa. Saluti ilibaki, lakini bwana wake akabadilika.

Hapa pia ndipo upungufu wa Barthes unapoonekana. Yeye alisoma picha akiwa peke yake, kitini kwa kinyozi. Mganda hausomwi na mtu mmoja. Watazamaji wanabishana palepale uwanjani kama wimbo umemlenga mwenyekiti wa kijiji au shemeji wa fulani, na mtunzi yupo, anasikia, anaulizwa, anakanusha au anacheka. Wachezaji wana majina. Babu zao waliokwenda vitani walikuwa na majina, na wazee wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay wanajua ni nani alirudi na ni nani hakurudi. Ukiuchambua mganda bila majina hayo, unamfanyia mchezaji kile ambacho Paris-Match ilimfanyia Diouf.

Kifo cha mwandishi na uzima wa msomaji

Turudi kwenye insha yenyewe. Haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1963 Barthes alitoa kitabu kuhusu Racine ambacho hakikujali sana wasifu wa mwandishi huyo. Profesa Raymond Picard wa Sorbonne alimjibu mwaka 1965 kwa kijitabu kikali, akiwatuhumu wahakiki wapya kwa ulaghai, na Barthes akajibu kwa Critique et vérité mwaka 1966. Insha ya kifo cha mwandishi ilitoka mwaka uliofuata katika jarida la Marekani, kisha kwa Kifaransa mwaka 1968. Kwa hiyo ilikuwa silaha katika vita vya vyuo vya Paris, dhidi ya maprofesa waliodai kwamba anayejua barua na madeni ya mwandishi ndiye anayejua maana ya kitabu chake. Mwaka 1970, katika S/Z, Barthes alionyesha alichomaanisha kwa vitendo. Alikikata kisa kimoja cha Balzac katika vipande 561 na kukisoma kwa misimbo mitano: ya fumbo linalomfanya msomaji aendelee, ya mfuatano wa matendo, ya madokezo kuhusu watu na mahali, ya ukinzani wa kiishara, na ya maarifa ambayo jamii inayachukulia kuwa ya kawaida.

Je, msomaji wa Kiswahili anahitaji haya? Anayahitaji. Chukua Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji. Mwanafunzi wa Mbinga ameisoma akiwa na Songea jirani, ambako kila mwezi Februari hukumbukwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Anapofika kwenye swali la maji na risasi, hasomi alama. Anasoma habari ya watu ambao wazao wao anasoma nao darasa moja. Mwanafunzi wa Pemba ataisoma kwa uchungu mwingine. Maana hizo mbili hazikuwa zote kichwani mwa Hussein, na zote ni halali. Kwa hilo Barthes yuko sahihi, na mtihani unaodai msimamo mmoja wa mwandishi, aliokariri mwanafunzi kutoka kitabu cha mwongozo, unamnyima mwanafunzi usomaji wake mwenyewe.

Sasa mfikirie Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi, mwalimu aliyekuwa mwanajeshi, kiongozi wa Tanzania One Theatre na baadaye mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Nyimbo zake za maombolezo ya Mwalimu Nyerere mwaka 1999 ziliwaliza watu ambao hawakuwahi kuiona Lituhi. Kwa msikilizaji huyo, wimbo ni wa msiba wake yeye, na mtunzi amejitoa. Lakini anayetaka kueleza kwa nini nyimbo hizo zilikuwa na nguvu namna ile hawezi kuacha kuizungumzia kwaya ya jeshi, chama, na mtu aliyejua namna ya kuongoza umati kwa sauti yake. Ukimfuta Komba, unabaki na mdundo usio na historia. Kwa wimbo wa siasa jambo hili ni zito zaidi: anayeimba kwa niaba ya chama lazima ajulikane, ili msikilizaji aweze kumpima.

Wahakiki wetu waliliona tatizo hili mapema kuliko tunavyowapa sifa. Uhakiki wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 na 1980, ambao F. E. M. K. Senkoro ni mmoja wa wawakilishi wake wakubwa kupitia vitabu kama Fasihi na Jamii, uliifunga kazi ya fasihi na tabaka na uchumi. Ulikuwa na ukali uliohitajika, ingawa wakati mwingine uliifanya riwaya kuwa hati ya ushahidi tu. Euphrase Kezilahabi alitafuta njia nyingine. Baada ya kuandika Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975), alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako mwaka 1985 alimaliza tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliihoji misingi ya kifalsafa ambayo wahakiki waliiazima kutoka Magharibi bila kuikagua. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nagona na Mzingile zikamweka msomaji wa Kiswahili mbele ya riwaya ambayo haimpi msimamo wa mwandishi kwa mkono. Msomaji analazimika kufanya kazi. Kezilahabi alilifanikisha hilo kwa visasili vya Kiafrika, na hakuna aliyehitaji kumwambia aondoke kwenye maandishi yake.

Wafaransa nao walikuja kusoma kwetu. Alain Ricard aliandika kitabu kizima kuhusu Ebrahim Hussein mwaka 1998, na Xavier Garnier akachapisha mwaka 2006 utafiti wa riwaya ya Kiswahili ulioipima kwa dhana za wanafalsafa Deleuze na Guattari. Kazi zao zinaonyesha kwamba mazungumzo haya yana pande mbili: riwaya ya Kiswahili inaweza kuirekebisha nadharia, haikuumbwa ili iwe mfano wake tu.

Barthes alirudi kwa mtu

Sura ya mwisho ya maisha ya Barthes haitajwi darasani, na ndiyo inayonishawishi zaidi. Mwaka 1975 alichapisha kitabu kuhusu nafsi yake mwenyewe, chenye picha za utoto wake. Tarehe 25 Oktoba 1977 mama yake alifariki. Alikuwa ameishi naye karibu maisha yote. Kitabu chake cha mwisho, La Chambre claire, kilichotoka mwaka 1980, kinahusu upigaji picha, na kiini chake ni mwana anayepekua picha za marehemu mama yake akimtafuta hadi anampata katika picha moja, mama huyo akiwa na umri wa miaka mitano. Aliieleza picha hiyo kwa kurasa nyingi lakini akakataa kuichapisha, kwa sababu kwetu ingekuwa picha ya kawaida tu.

Ilikuwa safari ndefu tangu kwa kinyozi. Mtu aliyemsoma Diouf kama ishara alifika mwishoni akikiri kwamba kuna picha isiyosomeka ila kwa kumjua aliyemo. Tarehe 25 Februari 1980, akitoka kwenye chakula cha mchana pamoja na mwanasiasa François Mitterrand, aligongwa na gari la udobi barabarani Paris. Alifariki tarehe 26 Machi, akazikwa Urt, kaburini kwa mama yake.

Yatupasayo

Uamuzi wangu ni huu. Barthes wa Mythologies afundishwe kwanza, kabla ya Barthes wa kifo cha mwandishi, kwa sababu njia ile ya ngazi mbili inaeleweka na mwanafunzi wa kidato cha tatu na inamfundisha kutodanganywa. Insha ya 1967 ifundishwe pamoja na vita iliyoizaa na pamoja na La Chambre claire inayoisahihisha. Na kila tunapoitumia kwa fasihi simulizi, turudishe majina: mtunzi, kiongozi, kijiji, mwaka.

Kazi hiyo ina mwanzo mzuri. Mwaka 1972 Egidio Ndunguru alichapisha kwa Kiswahili Historia, Mila na Desturi za Wamatengo, akiweka kwenye maandishi yale ambayo yangeweza kuondoka na wazee. Mganda na kioda zinastahili kazi ya namna hiyo, iliyoandikwa na watu wa huko. Walimu wa Kiswahili wa Mbinga na Nyasa, wapelekeni wanafunzi uwanjani siku ya ngoma wakiwa na madaftari. Waandike wanachokiona, kisha wanachodhani kinamaanisha, kisha wamfuate mtunzi na wamuulize jina lake, aliyemfundisha, na wimbo ulitungwa kwa ajili ya nani. Majibu yakipishana na usomaji wao, waandike yote mawili. Hapo tutakuwa na uhakiki wa Kiswahili ambao hata Paris watauhitaji.